Mfumo unasema katoni 212 za sabuni, stoo tumehesabu 140. Ni wizi au ni data?

mwana_stoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada kabla mtu hajapoteza kazi.

Mimi ni mhasibu kwenye duka la jumla hapa Mwanza, tuna matawi Geita na Bukoba. Tunauza sabuni, mafuta ya kula, biskuti, madaftari, vitu vya kawaida tu vya dukani. Mfumo wetu aliutengeneza kijana mmoja mwaka 2019, unatumia kanzidata ya MySQL (programu inayotunza data kwenye majedwali), na data za mwanzo zilitoka kwenye Excel ya bosi. Kijana mwenyewe alishahamia Dar na simu hapokei.

Jumamosi tulifunga duka tukahesabu mzigo. Kuna sabuni ya kuogea, katoni yake ina pisi 24. Mfumo unasema zipo katoni 212. Sakafuni tumekuta 140. Tulihesabu mara tatu, mara ya tatu bosi mwenyewe akiwa juu ya ngazi, na mtunza stoo amekaa pembeni anaandika namba tunazomsomea. Pungufu ni 72. Bosi keshaamua kwamba mzee wa stoo kaiba. Mzee wa watu ana miaka 11 hapo na sijawahi kumsikia na neno baya.

Kinachonipa wasiwasi ni kwamba sabuni haiko peke yake. Biskuti mfumo unasema zipo -36. Hasi! Kuna mteja wa Sengerema anaonekana mara tatu, Mohamed, Mohammed na Muhamed, na deni lake limetawanyika kote kutatu. Halafu ripoti ya mauzo ya tarehe 1 niliyoitoa mwezi uliopita haifanani na ya tarehe hiyo hiyo nikiitoa leo.

Pesa ya kaunta inakaa sawa kila siku, tofauti ni za chenji tu. Naanzia wapi?

---

chapa_lapa

Wizi huo mkuu, msizunguke mbuyu. Katoni 72 hazina miguu.

---

kiti_cha_mbele

Naweka kiti hapa. Nina duka la vifaa vya ujenzi na mifuko ya saruji inanifanyia hivyo hivyo kila mwisho wa mwezi.

---

fundi_kanzidata

Mwana_stoo, mwambie bosi asubiri wiki mbili. Pesa kukaa sawa hakumsafishi mtu, kwa sababu mzigo ulioibwa haupiti kaunta. Kilichonifanya nisite ni biskuti zako. Mwizi anapunguza mzigo sakafuni, hawezi kuzishusha namba za kwenye mfumo mpaka zivuke sifuri. Hizo zimeshushwa na mfumo wenyewe, na mfumo unaokubali kuuza biskuti zisizokuwepo siwezi kuuamini kwenye sabuni.

Nijibu haya kwanza. Keshia anaweza kubadili bei pale kaunta? Akiuza, anachagua katoni au pisi, au mfumo unamchagulia? Kila mtu ana paswedi yake? Mteja akirudisha mzigo mnafanya nini kwenye mfumo? Halafu endesha amri hii uniletee jibu:

SHOW TABLE STATUS;

Angalia safu ya Engine.

---

mwana_stoo

Asante mkuu. Bei inabadilishwa, maana wateja wa jumla wanapatana. Kipimo kinakuja chenyewe "pisi", keshia akitaka katoni anabadilisha. Paswedi ni moja, wote wanaingia kama admin, na paswedi ni jina la duka (msinicheke). Mzigo ukirudishwa tunafungua risiti ya zamani tunapunguza idadi.

Ile amri: majedwali matano yanasema MyISAM, mawili InnoDB. Maana yake nini? Naweza kuweka hapa faili la wateja na madeni yao mkalicheki wenyewe?

---

fundi_kanzidata

Faili usiweke! Majina, simu na madeni ya watu hayawekwi uwanjani. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu 1 Mei 2023, na bosi wako ndiye ataulizwa. Wewe eleza tu, tutakuelewa.

Sasa kaa vizuri, hii ni ndefu.

Ninavyoona, sabuni zako zina matundu mawili au matatu. La kwanza ni kipimo. Keshia ana foleni, mteja anataka katoni moja, bei 33,600. Keshia anaandika 1, anabadilisha bei kuwa 33,600, anabonyeza. Kipimo kimebaki "pisi" kama kilivyokuja. Pesa imeingia sawa, risiti imetoka, mteja kaondoka na katoni. Lakini mfumo umepunguza pisi moja, kwa hiyo pisi 23 zimebaki kwenye kompyuta na sakafuni hazipo. Ndiyo maana kaunta inafunga vizuri kila jioni na stoo inazidi kuharibika bila mtu kuiba hata kipande. Pisi moja ya sabuni hiyo haiwezi kuuzwa hata 3,000, basi tafuta:

SELECT * FROM mauzo_mistari WHERE bidhaa_id = (namba ya sabuni) AND kipimo = 'pisi' AND bei > 10000;

Utakachokiona kitakushangaza.

La pili ni salio. Nakubetia kijana wako aliweka safu inaitwa salio kwenye jedwali la bidhaa, na programu inaisoma, inatoa, inaandika upya. Keshia wawili wakiuza kwa wakati mmoja, wote wanasoma 40. Wa kwanza anauza 5, anaandika 35. Wa pili anauza 3, anaandika 37 juu yake. Zimetoka 8, mfumo umepunguza 3. Dawa ya haraka ni kuiachia kanzidata ifanye hesabu yenyewe, na ikatae kama mzigo hautoshi:

UPDATE bidhaa SET salio = salio - 5 WHERE id = 17 AND salio >= 5;

Ikirudisha kwamba mistari iliyobadilika ni 0, programu imwambie keshia mzigo hautoshi. Biskuti hasi zimeishia hapo.

Ila dawa yenyewe hasa ni kuacha kulitegemea salio. Kumbuka daftari la madeni la mangi yeyote. Hafuti. Mteja akilipa anaandika mstari mwingine chini yake, na ukitaka kujua anadaiwa ngapi unajumlisha. Stoo nayo iwe hivyo: jedwali moja la mizunguko, umeingia 48, umetoka 5, umerudi 1, umeharibika 2, kila mstari na tarehe, mtu na namba ya hati. Salio ni jumla ya mistari. Kila kitu kihifadhiwe kwa kipimo kidogo kabisa, yaani pisi, namba kamili. Katoni iwe ya kuonyesha kwenye skrini tu, na idadi ya pisi kwa katoni iandikwe kwenye mstari wa mauzo siku ile ile, kwa sababu kiwanda kikiamua kesho katoni iwe na 20, mauzo ya mwaka jana yasigeuke.

Ripoti ya tarehe 1 nayo inabadilika kwa sababu hii hii. Mnafungua risiti ya zamani mnaihariri, kwa hiyo mnahariri historia. Mzigo ukirudi leo, andika mstari wa kurudi wa leo. Siku ikishafungwa, imefungwa.

La tatu ni hayo majedwali. MyISAM na InnoDB ni injini mbili ambazo MySQL inahifadhia jedwali. MyISAM haijui muamala (mistari kadhaa iingie yote au usiingie hata mmoja) wala haijui ufunguo wa kigeni (kamba inayofunga mstari wa jedwali moja na mstari wa jedwali jingine). Ukiandika ufunguo wa kigeni inakubali kimya kimya, halafu inautupa. Umeme ukikatika katikati ya risiti, kichwa cha risiti kinaweza kuwemo na mistari yake isiwemo. InnoDB ndiyo chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5, toleo la 2010, kwa hiyo mfumo wa 2019 kuwa na MyISAM maana yake kijana alinakili kitu cha zamani mahali. Na kama toleo lenu liko chini ya 8.0.16, hata sharti la CHECK (linalokataa thamani isiyofaa) linapokelewa bila malalamiko na halifanyi kazi yoyote. Watu wengi wanaamini wana ulinzi ambao haupo. Kwenye MariaDB, ndugu wa MySQL ambayo ndiyo iliyomo kwenye XAMPP (furushi la programu za seva) za miaka ya karibuni, CHECK inafanya kazi kuanzia 10.2.1. Andika SELECT VERSION(). Ujue uko wapi.

---

chapa_lapa

Mkuu yote hayo si angeweka tu kwenye programu? Keshia akiweka bei ya ajabu skrini imkatalie. Kwa nini uende mpaka kwenye kanzidata?

---

fundi_kanzidata

Kwa sababu milango ni mingi. Leo ni skrini ya kaunta. Kesho bosi anataka programu ya simu kwa ajili ya Geita. Keshokutwa mtu analeta Excel ya bei mpya anaipakia moja kwa moja. Na usiku wa manane mimi hapa naingia na phpMyAdmin (ukurasa wa kuhariri kanzidata moja kwa moja) kurekebisha kitu "kidogo tu". Sharti likiwa kwenye skrini linalinda skrini ile tu. Likiwa kwenye jedwali, anakutana nalo kila anayeingia, mimi nikiwemo, na mimi ndiye hatari kuliko keshia.

Kwenye skrini weka pia, lakini ile ni huduma kwa keshia, ajue mapema kakosea. Lango ni jedwali.

Mfano wa bei: CHECK haiwezi kuchungulia jedwali jingine, kwa hiyo kwenye mstari wa mauzo nakili bei ya chini na bei ya juu za kipimo kile, kisha weka sharti bei iwe katikati yake. Kupatana kubaki, lakini pisi ya 33,600 isipite. Na hicho kipimo kinachokuja chenyewe kiondoe. Keshia achague kila mara. Atalalamika siku mbili.

---

kaka_wa_makupa

Assalaam aleikum wandugu, niko Mombasa. Niongeze la malipo ya simu, kwa sababu lilitutia hasara si kidogo.

Mteja akilipa kwa M-Pesa, mtandao hutuma taarifa kwa seva yako kwamba pesa imeingia. Seva yetu ilikuwa nzito, ikichelewa kujibu. Taarifa ile ile ikaja tena. Programu yetu kila ikipokea taarifa inaandika malipo. Basi mteja amelipa shilingi 8,000 mara moja, kwetu akaonekana amelipa 16,000. Unadhani kuna mteja aliyepiga simu kulalamika? Hata mmoja!

Tiba yake ilikuwa mstari mmoja. Ile namba ya muamala, herufi na tarakimu kumi, tuliifanya UNIQUE, yaani isijirudie, kwenye jedwali la malipo. Taarifa ya pili ikija, jedwali lakataa, programu yajibu "nimepokea" na mambo yaisha. Na wewe bwana wa Mwanza, angalia upokeaji wa mzigo. Je, hati moja ya muuzaji yaweza kuingizwa mara mbili?

---

mwana_stoo

Kaka wa Mombasa, wa aleikum salaam. Umenigusa pabaya. Mzee wa stoo anaingiza akipokea lori, na mimi huwa naingiza nikipata ankara ofisini. Tunategemea kuulizana "umeshaingiza?"

---

kaka_wa_makupa

Basi hapo pana kitu. Muuzaji pamoja na namba ya hati, viwili hivyo viwe UNIQUE kwa pamoja. Namba peke yake haitoshi, wauzaji wawili waweza kuwa na hati namba 0045 wote.

---

dada_wa_famasi

Jamani na tarehe msizisahau. Niko Dodoma, nina famasi. Boksi la dawa linaandikwa EXP 08/27, maana yake Agosti 2027. Msichana wangu alikuwa anaandika hivyo hivyo 08/27 kwenye Excel kisha tunapakia. Kompyuta yake ilikuwa imewekwa mtindo wa Kimarekani, Excel ikaelewa tarehe 27 mwezi wa 8 mwaka huu huu. Kompyuta yangu ina mtindo wa Kiingereza, ikaelewa tarehe 1 Agosti 2027. Dawa moja, siku moja, tarehe mbili. Tuliondoa rafuni dawa ambayo muda wake ulikuwa haujaisha, na ilikuwa bahati kwamba kosa lilielekea huko. Lingeelekea upande wa pili tungemuuzia mtu dawa iliyokufa.

Sasa tunaandika mwaka na mwezi kwenye visanduku viwili, na mfumo unaweka siku ya mwisho ya mwezi wenyewe. Excel haigusi tarehe tena.

---

fundi_kanzidata

Dada hapo kwenye Excel nakuunga mkono kwa mikono miwili. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Ukifungua faili la wateja likiwa kama namba, ukalihifadhi, tarakimu tano za mwisho za kila mtu zimekwenda, na hazirudi. Namba za simu nazo zinapoteza sifuri ya mbele. Usizihesabie kama namba vitu ambavyo hutavijumlisha: NIDA, simu, TIN, namba ya hati, vyote ni maandishi.

Na kama mtu anadhani haya ni ya maduka yetu tu: Uingereza, mwaka 2020 katikati ya korona, majibu ya vipimo 15,841 ya watu walioambukizwa hayakuingia kwenye takwimu za kila siku kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba. Walikuwa wanahamisha data kwa faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mistari yake haizidi 65,536. Iliyozidi ilidondoka bila kelele. Waliokaa karibu na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Wateja wako watatu wa Sengerema ndio kazi nyepesi kuliko zote. Usifute wawili! Chagua mmoja awe mkuu, hao wengine waelekeze kwake, madeni yahame na historia ibaki. Jina lisiwe kitambulisho kamwe, Muhammad ana tahajia nyingi kuliko mitaa ya Mwanza. Simu iandikwe kwa umbo moja, 255 mbele, na iwe UNIQUE na NOT NULL (isiachwe wazi).

---

mzee_mkaguzi

Vijana, nimewasoma tangu mwanzo. Nimekagua vitabu vya watu miaka mingi, sasa nimestaafu. Fundi anasema vizuri ila hapo mwisho anakwenda kujipalia makaa.

Ukilazimisha simu, utapata simu. Swali ni ya nani. Niliwahi kukuta kampuni ambayo wateja zaidi ya 400 walikuwa na namba 0700000000. Baada ya kuambiwa namba isirudiwe, wakaanza 0700000001, 0700000002, wakaendelea. Keshia anataka kumalizana na mtu aliyesimama mbele yake; mfumo ukimwambia "huuzi mpaka uniambie uongo", ataongopa. Na uongo ulioandikwa vizuri ni mbaya kuliko sehemu iliyo wazi. Wazi inakuambia haijulikani.

Halafu simu moja hutumiwa na watu wawili. Mume na mke wana maduka mawili, laini ni moja. Utamkatalia nani?

---

fundi_kanzidata

Shikamoo mzee. Hapo umenishika. Naondoa neno langu la simu.

---

mzee_mkaguzi

Marahaba. Kanuni niliyokuwa nawaambia wateja wangu: lazimisha kile ambacho mtu wa kaunta anacho mkononi wakati ule. Bidhaa anayo, idadi anayo, pesa anayo. Hivyo vibane mpaka vipige kelele. Simu, TIN, anuani, hivyo ni vya mteja wa mkopo peke yake, na avijaze mtu wa ofisini aliyekaa kitini bila foleni. Mnunuzi wa taslimu mwekee "Mteja wa Kaunta" mmoja, asionewe.

Na kwenye sababu za kurekebisha stoo, msiweke "Nyingineyo" kwenye orodha. Mkiiweka, mwisho wa mwaka asilimia kubwa itakuwa hiyo. Wekeni imeharibika, imehesabiwa vibaya, imepotea, imeliwa na panya, na mtu athubutu kuchagua "imepotea" kwa jina lake.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye admin wenu. Siwezi kumkagua admin. Admin hana mama wala mtaa. Kila mtu apewe jina lake, hata kama mko watatu, na jina hilo liandikwe kwenye kila mstari. Hamfanyi hivyo ili mkamate mtu, mnafanya ili asiyehusika aweze kujitetea. Huyo mzee wenu wa stoo leo angekuwa na la kuonyesha.

---

kiti_cha_mbele

Nimeelewa kwa nini saruji yangu inapotea. Nauza mfuko na nauza kilo, na kwenye mfumo vyote vinaitwa "saruji 1".

---

bakapu_kwanza

Kabla mwana_stoo hajaanza kubadili MyISAM kuwa InnoDB na kuweka masharti, achukue bakapu, na BAKAPU IRUDISHWE kwenye kompyuta nyingine aione inafunguka. Tarehe 31 Januari 2017 pale GitLab, kampuni ambayo kazi yake ni kutunzia watu programu zao, mhandisi alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Kwenda kwenye bakapu za kila siku, hazipo. Zana ya kuchukua bakapu ilikuwa ya toleo tofauti na kanzidata, ilikuwa inashindwa kila siku, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama saa 6 kabla. Data za saa hizo zikapotea. Wao ni mabingwa. Wewe una flashi kwenye droo ya bosi.

---

fundi_kanzidata

Kweli kabisa. Ukishapata bakapu, tafuta kwanza mistari yatima, yaani inayotaja bidhaa ambayo haipo tena, maana ukiweka ufunguo wa kigeni huku yatima wapo, kanzidata itakataa:

SELECT m.id FROM mauzo_mistari m LEFT JOIN bidhaa b ON b.id = m.bidhaa_id WHERE b.id IS NULL;

Ukishawasafisha, badili jedwali moja moja usiku duka limefungwa: ALTER TABLE mauzo ENGINE=InnoDB; kisha weka funguo. Mtu akikushauri uongeze ON DELETE CASCADE kwenye wateja ili "mambo yawe mepesi", mkimbie. Siku ukifuta mteja, mauzo na madeni yake yote yanafutika naye, na kanzidata itakuona umefanya sahihi. Bidhaa au mteja asiyetumika mzime tu, usimfute.

Tuletee mrejesho.

---

mwana_stoo

MREJESHO, wiki mbili na siku tatu.

Wakuu sijui nianzie wapi. Nilimshawishi bosi asubiri, alikubali kwa shingo upande.

Bakapu: faili la kwenye flashi lilikuwa na ukubwa wa KB 0. Nimechukua mpya, nimeirudisha kwenye laptopu yangu, imefunguka. Hili peke yake lilimnyamazisha bosi nusu saa.

Ile amri ya pisi yenye bei kubwa ilileta mistari 24 ya sabuni ile. Kila mmoja ni katoni iliyouzwa kama pisi. Zimetoka katoni 24, mfumo ukapunguza pisi 24, yaani katoni moja. Tofauti 23.

Hati: lori moja la mwezi wa tatu, katoni 48, liliingizwa na mzee siku ya kupokea na mimi nikaliingiza tena siku nne baadaye. Mimi mwenyewe! Nimemuonyesha bosi. Nilitaka kuficha kidogo, nikakumbuka maneno ya mzee mkaguzi.

48 na 23 ni 71.

Biskuti: mzigo wa Bukoba ulifika usiku, ukaanza kuuzwa asubuhi, mzee akauingiza jioni kwa namba pungufu. Mistari yatima ilikuwa 19, mingi ni ya bidhaa ambazo kijana alizifuta wakati anasafisha orodha. Mohamed wa Sengerema sasa ni mmoja, na deni lake ni kubwa kuliko alivyokuwa anatuambia.

Majedwali yote sasa ni InnoDB. Toleo letu lilikuwa 5.7, kwa hiyo CHECK zilikuwa mapambo. Nimempata fundi hapa Mwanza anatupandisha kwenda 8.0. Hati haiwezi kuingia mara mbili. Keshia kila mmoja ana jina lake, na mmoja kati yao kagoma siku moja kwa sababu ya kuchagua kipimo kila mara, ila karudi. Kuhesabu mzigo hatusubiri tena mwisho wa mwaka, kila Jumatatu tunachagua bidhaa kumi tunahesabu kabla ya kufungua.

Sabuni imebaki pungufu katoni moja. Bosi kasema hiyo anaisamehe. Mzee wa stoo yupo kazini, na bosi kamuomba radhi mbele yetu, jambo ambalo sijaliona miaka yangu yote pale.

---

chapa_lapa

Nami namuomba radhi mzee, nilisema wizi.

---

mzee_mkaguzi

Kazi nzuri kijana. Ila mimi ni mkaguzi, sisamehi katoni. Hiyo moja iko wapi?

---

mwana_stoo

Mzee, imepatikana jana. Siku tunahesabu mzee wa stoo alikuwa ameikalia, anaandika namba tunazomsomea.